Aliyeuliza ni Mtu

Mwenye tovuti anaweza kuyaona mengi ya maneno ambayo watu waliyaandika Google kabla ya kufika kwenye ukurasa wake. Haoni jina la mtu wala namba yake ya simu. Anaona maneno tu, kama yalivyoandikwa, na makosa yake ya herufi. Kazi yangu ni kuandika na kuhariri kurasa za afya kwa Kiswahili, na orodha hiyo ndiyo kitu cha kwanza ninachofungua asubuhi. "Mjamzito kuvimba miguu." "Mtoto anachemka na hataki kunyonya." "Presha ikipanda ghafla ufanye nini." "Nimesahau kumeza vidonge vya uzazi wa mpango." "Naomba kujua dalili za kisukari."

Sijui maandishi mengine ya Kiswahili yaliyo wazi namna hii. Barua ya ndugu huanza na salamu, huulizia hali za wazee, hupita kwenye mvua na mavuno, ndipo ifike kwenye shida. Mbele ya kisanduku cha kutafutia mtu huanzia kwenye shida yenyewe. Yapo ambayo mke hamwambii mume, mkwe hamwambii mama mkwe, kijana hamwambii hata rafiki anayelala naye chumba kimoja, lakini simu huambiwa. Na bado adabu haiwatoki: wapo wanaoanza na "samahani" au "naomba kujua", kama ambavyo wangemwambia nesi pale dirishani. Nikisoma hivyo, nasikia mtu. Sijaizoea sauti hiyo, na naomba nisiizoee.

Orodha hiyohiyo ikishaingia kwenye biashara hubadilika. Maswali huitwa maneno msingi, na kila neno hubandikwa namba: linatafutwa mara ngapi kwa mwezi, tovuti ngapi zinaligombania, tangazo litakalokaa kando yake litalipa kiasi gani. Mwandishi hupewa maagizo. Neno liwemo kwenye kichwa, liwemo kwenye sentensi ya kwanza, lirudi kwenye vichwa vidogo, na makala ifike maneno 1,500 kwa sababu ya mshindani ina 1,200. Hayo ndiyo mambo ambayo watu wa fani huyaita SEO, ufundi wa kuupandisha ukurasa juu kwenye matokeo ya Google. Ufundi huo una upande mzuri, nami nitausema. Lakini kwanza niuonyeshe ukurasa mmoja, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu kinachonisumbua.

Niliukuta nilipokuwa nikitafuta majibu ya lile swali la mjamzito kuvimba miguu. Ulikuwa juu kabisa ya matokeo, na ulianza kwa maneno ya namna hii: katika makala hii tutaangalia mjamzito kuvimba miguu, mjamzito kuvimba miguu ni hali inayowapata wajawazito wengi, je, unajua sababu za mjamzito kuvimba miguu, endelea kusoma hadi mwisho ili ujue sababu na tiba ya mjamzito kuvimba miguu. Baada ya hapo likaja tangazo la mkopo wa simu. Kisha picha ya mama wa Kizungu akitabasamu na kushika tumbo. Kisha maana ya ujauzito, kana kwamba anayeuliza hajui kuwa ana mimba.

Ninaye mkunga mmoja, mama mtu mzima, ambaye hunisomea kurasa kabla hazijatoka. Nilimpelekea ule ukurasa anipe maoni. Alivaa miwani, akaanza kuushusha kwa kidole, akashusha, akapita tangazo, akapita "Faida za Matunda kwa Mjamzito", akapita tangazo jingine. Mwishowe akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, kuumwa kichwa kumeandikwa wapi?"

Kulikuwamo. Kulikuwa chini kabisa, sentensi moja kabla ya hitimisho.

Alichokuwa anakitafuta ni hiki. Miguu kuvimba jioni, hasa miezi ya mwisho, ni jambo la kawaida kwa wajawazito, na mara nyingi mama akikaa na kuinua miguu hupungua. Lakini mama aliyepita wiki ya 20 akivimba ghafla uso na mikono, kichwa kikamuuma sana, macho yakaona ukungu au vimulimuli, au akapata maumivu makali chini ya mbavu, huenda presha yake imepanda kwa hatari. Hali hiyo ikiachwa huweza kuwa kifafa cha mimba, nayo huua mama na mtoto. Mama huyo anatakiwa kwenda hospitali saa ileile, asingoje kuche. Sasa mfikirie aliyeuliza swali lile saa nane usiku, kichwa kinamgonga, MB zimebaki chache. Ukurasa unamwambia maana ya ujauzito.

Mkunga hakupandisha sauti. Alinirudishia simu, akasema, "Hili liandike juu kabisa. Hayo mengine atayasoma akishapona."

Nimeandika kwa miaka, nimesoma miongozo mingi ya uandishi wa tovuti, na sijapata uhariri bora kuliko sentensi zile mbili. Zina mpangilio wote wa ukurasa ndani yake: kwanza lile ambalo likichelewa mtu ataumia, kisha lile linalomjibu swali lake, kisha maelezo kwa mwenye nafasi ya kuyasoma. Anayepanga hivyo amejiuliza nani yuko upande wa pili, na yuko katika hali gani.

Aliyeandika ule ukurasa si mtu mbaya. Nawajua vijana wa kazi ile. Wengi wamemaliza chuo, ajira hazijapatikana, na mtu anawalipa kwa idadi ya maneno. Ukimlipa mtu kwa idadi ya maneno, atakuletea maneno. Na mwenye tovuti naye anahitaji ukurasa mrefu kwa sababu kila aya inayoongezeka ni nafasi ya kuweka tangazo. Watu hudhani ni maandishi yanayokula bando. Maneno 2,500 ya Kiswahili, yakiwa maandishi matupu, ni kama KB 20 tu. Kinachomaliza bando ni picha kubwa, video zinazocheza zenyewe na matangazo yanayojipakua, na urefu wa makala mara nyingi ni rafu ya kuyapanga hayo. Kwa hiyo msomaji wa kwetu, anayenunua kifurushi cha saa 24 kwa fedha aliyoihesabu, hulipia mzigo ambao hakuuagiza ili apate sentensi tatu alizozihitaji. Hilo naliona ni suala la haki, na kila ninapopunguza ukurasa namfikiria yeye na mfuko wake.

Ili kuelewa tulifikaje hapa inabidi kurudi miaka ya 1990. Mashine za kutafutia za wakati ule, AltaVista ya 1995 ikiwa mojawapo ya zilizovuma, zilitegemea sana maneno yaliyomo kwenye ukurasa. Ukirudiarudia neno "hoteli", ulionekana una habari nyingi za hoteli. Watu wakayarundika. Wengine wakayaandika kwa rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe, mashine iyasome na jicho la mtu lisiyaone. Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, wakaja na wazo walilolitoa kwenye desturi ya wasomi: kama kazi ya msomi hupata uzito kwa kunukuliwa na wenzake, basi ukurasa nao upate uzito kutokana na viungo vinavyouelekea kutoka kurasa nyingine. Kampuni yao ya Google ilianzishwa 1998. Naliheshimu sana wazo lile. Kiungo kilikuwa ushahidi wa mtu: fulani amesoma, ameona panafaa, amewaelekeza wengine. Mashine ilikuwa inahesabu imani ya watu kwa watu.

Haikuchukua muda imani ile ikapelekwa sokoni. Viungo vikauzwa na kununuliwa kwa mafungu. Hata makampuni makubwa yalishawishika: Februari 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwenye matokeo ya Google kwa siku chache, kwa kuwa ilikuwa na kurasa zilizojazwa maneno kwa ajili ya mashine, huku mgeni mwenyewe akipelekwa kwenye ukurasa mwingine. Mwaka 2009 Google wakatangaza hadharani kwamba lile fungu la maneno msingi ambalo watu hulificha nyuma ya ukurasa hawalitazami kabisa wanapopanga matokeo. Februari 2011 likaja badiliko lililoitwa Panda, la kuzishusha tovuti zilizozalisha makala nyepesi kwa maelfu. Aprili 2012 likaja Penguin, dhidi ya viungo vya hila. Agosti 2022 likaja jingine, lililolenga kuyainua maandishi yaliyoandikwa kwa ajili ya watu. Ukiyatazama kwa mfululizo, zaidi ya miaka 20 mashine imekuwa ikimkimbilia msomaji, na waandishi wengi wamekuwa wakiikimbilia mashine. Wanapishana njiani. Anayemwandikia msomaji tangu mwanzo amekaa pale ambapo mashine inajaribu kufika.

Sisemi kwamba hulipwa papo hapo. Nimeona kurasa za kweli, zilizoandikwa na madaktari waliolala macho wodini, zimefukiwa chini ya kurasa za kunakili. Inauma. Ila nimeona pia kwamba hila ina umri mfupi. Kila badiliko linapokuja, mwenye hila huanza upya kutafuta mlango mwingine, na ule ujuzi wake wa mwaka jana haumsaidii kitu. Aliyejifunza kueleza jambo gumu kwa mama asiye na muda ana ujuzi ambao hakuna badiliko la kanuni linaloweza kuufuta.

Mchumi wa Uingereza, Charles Goodhart, alieleza mwaka 1975, akizungumzia sera za fedha, kwamba kipimo kikishageuzwa kuwa chombo cha kuwaongozea watu huacha kupima kile kilichokuwa kinapimwa. Sisi tuliosoma shule za kwetu tunalijua jambo hilo bila kumsoma mchumi. Mtihani wa taifa uliwekwa ili tujue kama mtoto ameelewa. Pakawa na shule ambazo mtoto hufundishwa mtihani wenyewe, anakariri majibu ya miaka iliyopita, anapata alama nzuri, na ukimpa barua ya bibi yake aijibu hajui aanzie wapi. Namba imepanda, na kile ambacho namba ilikuja kukitafuta kimepotea. Nadhani hakuna eneo la maisha yetu lililosalimika. Tunahesabu mahudhurio ya ibada, kura, wafuasi kwenye mitandao; hata misaada kwa yatima siku hizi hupigwa picha kwanza. Kila palipo na kihesabio, mtu hushawishika kukilisha kihesabio badala ya kumlisha mwenye njaa.

Sasa ule upande mzuri nilioahidi. Nimewasikia waandishi wenzangu wakiidharau SEO yote, wakisema wao huandika kwa moyo na wasomaji watajileta. Sikubaliani nao. Mtu anayeandika kitu cha maana na hataki kujua watu watakifikiaje amefanya nusu ya kazi. Kichwa cha habari kinachosema wazi kilichomo ndani ni heshima kwa msomaji. Ukurasa mwepesi unaofunguka haraka hata mtandao ukisuasua ni heshima kwa msomaji. Vichwa vidogo vilivyopangwa sawasawa humsaidia kufika anapotaka. Na Google hupendelea hayo yote.

Mfano ninaoupenda zaidi ni maelezo ya picha. Kila picha kwenye tovuti inaweza kuwekewa maneno ambayo hayaonekani kwenye skrini, yanayosema picha inaonyesha nini. Mashine huyatumia maneno hayo ili kujua picha ni ya nini. Lakini anayeyahitaji kuliko wote ni msomaji asiyeona, anayetumia programu inayomsomea skrini kwa sauti. Ukiandika "mama amelala kwa ubavu wa kushoto, mto umewekwa kati ya magoti", umemsaidia kipofu, na mashine imefaidika pia. Ukiandika "mjamzito kuvimba miguu tiba ya mjamzito kuvimba miguu dawa ya kuvimba miguu", yule msomaji atausikia upuuzi huo ukisomwa neno kwa neno masikioni mwake, pengine mara nne kwa ukurasa mmoja. Nimekaa pembeni ya kijana asiyeona akisikiliza ukurasa wa namna hiyo. Hakulalamika. Alibonyeza, akarukia mbele, akabonyeza tena, kama mtu aliyezoea kutofikiriwa. Tangu siku hiyo maelezo ya picha siyaandiki kwa haraka.

Hata ile orodha ya maneno, ukiisoma kama maswali, hukufundisha lugha. Vitabu vya afya huandika shinikizo la damu, na ni sahihi. Watu huuliza kuhusu presha. Ukurasa ukiwa na shinikizo la damu peke yake, mama wa Mbagala hatajua kuwa unamhusu. Nikiandika presha kwenye kichwa na kulieleza shinikizo la damu ndani, nimempa mlango na nimempa pia neno atakalokutana nalo kwenye cheti cha kliniki. Hapo msomaji na mashine wanataka kitu kimoja, na nafurahi kuwapa. Wanapoachana ndipo mwandishi hupimwa.

Huachana mara nyingi kwenye fedha. Page na Brin wenyewe, katika andiko lao la 1998 walipokuwa bado chuoni, walionya kwamba mashine ya kutafutia inayoishi kwa matangazo itaelekea kwa watangazaji na kuwapa kisogo watumiaji. Mwaka 2000 Google ikaanza kuuza matangazo kando ya matokeo, na ndiyo yaliyoijenga. Sisemi hivi ili kuwahukumu. Mashine ile huniletea wasomaji kila siku na inanisaidia kazi yangu. Nasema kwa sababu mwandishi anayedhani Google ni hakimu mwadilifu, kwamba kila akishushwa basi ameandika vibaya na kila akipandishwa basi ameandika vizuri, amemkabidhi mfanyabiashara dhamira yake.

Na siku hizi kuna kishawishi kikubwa zaidi. Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022, mtu mmoja anaweza kuagiza kurasa mia kabla ya chakula cha mchana, kwa Kiswahili kilichonyooka. Machi 2024 Google waliweka kanuni dhidi ya uzalishaji wa kurasa kwa wingi kwa lengo la kupanda kwenye matokeo, ziwe zimeandikwa na mashine au na watu. Kanuni ni nzuri. Lakini kinachonihuzunisha hakiko kwenye kanuni. Katika kurasa zile mia hakuna mkunga aliyeulizwa. Hakuna aliyepiga simu kituo cha afya kujua kama dawa ipo. Mashine moja imeandika ili mashine nyingine isome, na katikati amesimama mama mwenye maumivu ya kichwa, ambaye hakuna yeyote kati ya hao wawili aliyemfikiria. Kiswahili kina bahati mbaya zaidi hapa, kwa sababu maandishi yake kwenye intaneti ni machache. Kwa Kiingereza ukurasa mbovu huzungukwa na mizuri. Kwetu, ukurasa mbovu waweza kuwa ndio pekee atakaoupata.

Nimejiuliza sana kazi hii imenifanya mtu wa namna gani. Grafu ya wasomaji ina nguvu zake. Ikipanda, chai ya asubuhi huwa tamu. Ikishuka, naweza kushinda siku nzima nikiwa mkali kwa watu wa nyumbani wasiojua hata grafu ni nini. Nimewaona wenzangu wenye vipaji wakianza kuandika kwa joto, kisha taratibu sentensi zao zikaanza kuinama upande wa namba, kisha wakawa hawawezi tena kuandika barua ya rambirambi bila kunusia kama itasambazwa. Nilichojifunza ni kuweka mpaka. Grafu naifungua baada ya kuandika, siifungui kabla. Na ninapoandika namchagua mtu mmoja: shemeji yangu aliyejifungua mwaka jana, fundi bomba mwenye kisukari anayekuja mtaani kwetu, yule kijana asiyeona. Namwandikia huyo. Nikiona sentensi ambayo nisingeweza kumtamkia ana kwa ana, naifuta. "Katika makala hii tutaangalia" hufa siku zote katika mtihani huo, kwa sababu hakuna mtu aliye hai anayeongea hivyo na shemeji yake.

Lakini lipo jambo zito zaidi, nalo ndilo lililonifanya niandike haya. Google wamesema mara nyingi kwamba takriban asilimia 15 ya maswali wanayoyapokea kila siku hayajawahi kuulizwa kabla. Orodha ya maneno msingi, iwe ndefu kiasi gani, haiwezi kuwa nayo. Zaidi ya hapo, maswali yanayoulizwa na watu wachache mno mwenye tovuti haonyeshwi, ili wasitambulike. Ni ulinzi wa haki. Ila matokeo yake ni kwamba mwenye shida ya peke yake haonekani kwenye orodha yangu ya asubuhi. Na wapo ambao hata hawaulizi, kwa sababu hawana simu, au hawajui kwamba shida yao ina jina.

Fistula ya uzazi ni shida ya namna hiyo. Uchungu ukikaa muda mrefu bila msaada, kichwa cha mtoto hubana nyama za njia ya uzazi hadi damu isipite. Nyama hufa, tundu hubaki, na mkojo, wakati mwingine hata kinyesi, huanza kutoka bila mama kuweza kuzuia. Mara nyingi mtoto naye hufa. Mama hutengwa kwa harufu, huachwa na mume, huambiwa amerogwa au ana laana. Wapo walioishi hivyo miaka mingi wakiwa hawajui kwamba upasuaji huwaponya wengi wao. Hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani, Dar es Salaam, imekuwa ikiwatibu bila malipo, na tangu 2009 imetumia M-Pesa kutuma nauli ili umbali usiwe kizuizi. Mara ya kwanza nilipopendekeza tuandike ukurasa kuhusu hilo, mwenye fedha wa tovuti yetu alilitazama neno kwenye orodha, akaona namba ndogo, akasema haulipi. Kwa hesabu za matangazo alikuwa sahihi.

Niliuandika hata hivyo, na mkunga wangu akausoma. Sikuliweka neno fistula kwenye sentensi ya kwanza, kwa sababu anayeugua halijui. Sikutazamia kwamba atausoma yeye. Nilimfikiria mdogo wake aliyeko mjini, mpwa mwenye bodaboda na simu ya kioo, mwalimu wa kijiji, mtu yeyote ambaye siku moja atamwonea huruma na kuandika maneno ya kubahatisha kwenye kisanduku kile: mkojo unamtoka dada yangu tangu alipojifungua. Hana jina la ugonjwa, ana hayo tu. Mkunga alibadilisha mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika "inatibika". Akasema mama huyo ameambiwa mambo mengi kuhusu mwili wake, anza na lile alilosingiziwa, ndipo umwambie la matibabu. Ukurasa ule ni mfupi, hauna tangazo, picha yake ni moja na ina maelezo kwa wasioona, na unafunguka hata kwenye simu yenye MB za mwisho. Unaanza hivi: "Kama mkojo unamtoka wenyewe tangu alipojifungua, hakurogwa, na si kosa lake. Ni jeraha la uzazi, na linatibika. Upasuaji upo bila malipo, na nauli inaweza kutumwa kwa simu. Namba ya kupiga ni hii hapa chini. Mtu mwingine anaweza kupiga kwa niaba yake."